Adriano Atiman na sadaka iliyofika Karema



Ukitoka Tabora mjini kuelekea mashariki utafika Kigwa, katika Wilaya ya Uyui. Leo ni mahali patulivu, lakini katika karne ya 19 njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita hapa. Wasafiri waliokwisha kuvuka Ugogo na mapori yaliyofuata walifurahi kuiona Kigwa, kwa kuwa Unyanyembe ilikuwa imekaribia. Burton na Speke walipita mwaka 1857. Stanley alipopita mwaka 1871 alikuta pameharibiwa na vita. Waliokwenda pwani walibeba pembe za ndovu, na wengine walifungwa minyororo. Waliokuja bara walibeba merikani, kaniki, shanga na baruti.

Mwishoni mwa miaka ya 1870 wapagazi wa Kinyamwezi walianza kubeba mzigo wa namna nyingine katika njia hiyo. Ilikuwa mali iliyonunuliwa kwa sadaka za Wakristo wa Ulaya, watu ambao hawakuwahi kuiona Tabora wala Ziwa Tanganyika. Waliguswa na habari za utumwa, wakatoa. Baadhi ya sadaka zao ziliokoa watu. Nyingine zilimjenga mfalme mmoja aliyewatesa watu.

Nalileta jambo hili kwa sababu swali lenyewe tunalo bado. Kila mwezi parokiani linasomwa tangazo la kuchangia kitu fulani. Kwenye jumuiya analetwa mgonjwa, kwenye simu inaingia picha ya mtoto yatima pamoja na namba ya kutumia fedha. Mkristo mwenye shilingi elfu tano hawezi kumpa kila mtu. Ampe nani? Naomba tulitazame swali hilo kwa njia ya maisha ya mtu mmoja ambaye yeye mwenyewe alikuwa tunda la sadaka: Daktari Adriano Atiman, katekista wa Karema.

Mtoto aliyenunuliwa

Atiman alizaliwa miaka ya 1860 huko Tundurma, kando ya mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa bado mtoto alitekwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara pamoja na watumwa wengine mpaka upande wa Algeria. Huko Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, walimnunua ili wamkomboe. Fedha waliyotumia ilikuwa sadaka.

Shirika hilo lilikuwa limeanzishwa mwaka 1868 na Askofu Mkuu wa Algiers, Charles Lavigerie, ambaye baadaye alifanywa kardinali. Lavigerie alijua habari za misaada kabla hajafika Afrika. Mwaka 1860, akiwa padre mwenye dhamana ya mfuko wa kusaidia shule za Mashariki, alikwenda mwenyewe Lebanoni na Siria kugawa misaada kwa Wakristo walionusurika mauaji. Hakukaa Paris akatuma fedha. Baadaye, njaa kubwa ilipoipiga Algeria mwaka 1867 na 1868, alikusanya watoto yatima wapatao 1,800 na akalazimika kutafuta chakula chao kwa kuandika barua na kupita akiomba.

Basi Atiman aliingia katika mikono ya watu waliokuwa na mazoea ya kulea. Lakini tusikimbilie kusifu. Kununua mtumwa ili kumweka huru ni tendo la huruma kwa yule mtoto aliyesimama mbele yako. Kwa mfanyabiashara wa watumwa, hata hivyo, mnunuzi ni mnunuzi. Fedha ya padre na fedha ya tajiri wa pwani zote humwambia kwamba bidhaa yake ina soko. Wamisionari walinunua watoto Algeria, na baadaye Tabora na kando ya Ziwa Tanganyika. Huko Kipalapala, karibu na Tabora, walikuwa na nyumba ya kulelea watoto hao katika miaka ya 1880. Kila aliyekombolewa alikuwa roho iliyookolewa na mateso. Hata hivyo biashara yenyewe iliendelea, na msafara uliofuata ulipita Kigwa na minyororo yake.

Hili ni somo la kwanza kwa mtoaji. Msaada unaweza kuwa wa kweli kabisa kwa mtu mmoja, na bado usiguse kile kinachomtesa, pengine hata ukakilisha. Si sababu ya kumwacha mtoto sokoni. Ni sababu ya kumwuliza anayekuomba: na baada ya hapo?

Miaka ya shule

Kwa Atiman, jibu la swali hilo lilikuwa shule. Mwaka 1881 Lavigerie alifungua huko Malta chuo cha vijana wa Kiafrika waliokombolewa, ili wasomee udaktari na wakati huohuo waandaliwe kuwa makatekista. Wazo lake lilikuwa kwamba mmisionari wa Ulaya hufa haraka kwa homa, hajui lugha, na gharama yake ni kubwa. Mwafrika mwenye ujuzi, mwenye mke na nyumba kati ya watu, atafika mahali ambapo mgeni hafiki.

Halikuwa wazo rahisi kuuzwa kwa wafadhili. Kumkomboa mtoto ni tendo la siku moja, na mtoaji anaweza kuambiwa kwamba sadaka yake imemweka fulani huru. Kumsomesha mtoto huyo udaktari ni kazi ya miaka mingi ambayo kwa muda mrefu haina cha kuonyesha. Wengine waliacha njiani, na chuo chenyewe hakikudumu hata miaka 20. Atiman alikuwa miongoni mwa wachache waliomaliza. Mwaka 1888, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, alitumwa Ziwa Tanganyika.

Alipitia Zanzibar, kisha akashika njia ya misafara kuelekea Tabora. Mtoto aliyevushwa jangwa akiwa mtumwa sasa alitembea kwa miguu yake, akiwa daktari, katika njia iliyokuwa bado ikipitisha watumwa. Mwaka 1889 alikuwa Karema.

Mzigo haujibebi

Tusimame kidogo njiani, maana hapa kuna jambo ambalo watoaji wengi hulipima vibaya. Sadaka iliyotolewa Ufaransa ililipa nauli ya meli mpaka Zanzibar. Ililipa mishahara ya wapagazi, ambayo ilitolewa kwa nguo. Ililipa hongo kwa watawala wa Ugogo na kwingineko ili msafara uruhusiwe kupita na kuchota maji. Kwa hiyo sehemu kubwa ya sadaka ilikwisha kabla sanduku la dawa halijafika ziwani.

Mtoaji wa leo huuliza ni kiasi gani cha mchango wake kinaliwa na ofisi, na anataka asikie kwamba hakuna kabisa. Lakini bila mpagazi wa Kigwa dawa ingebaki Bagamoyo. Mhasibu, dereva, mlinzi wa stoo na mafuta ya gari ndio wapagazi wa siku hizi. Swali lenye haki ni kama gharama hiyo inafikisha mzigo, na kama walioubeba wamelipwa ujira wao. Huduma inayojisifu kuwa haina gharama yoyote ama inamdhulumu mtu, ama haisemi kweli.

Zipo pia gharama za majivuno. Mwaka 1879 chama kimoja cha Ulaya, ambacho nitakitaja sasa hivi, kilishusha pwani tembo wanne kutoka India ili wajaribiwe kubeba mizigo badala ya watu. Mmoja tu ndiye aliyefika Karema, naye hakuishi sana. Magazeti ya Ulaya yalipata habari ya kusisimua, na mizigo ikaendelea kubebwa na Wanyamwezi.

Vyama viwili katika boma moja

Boma ambalo Atiman alilikuta Karema halikujengwa na wamisionari. Mwezi Septemba 1876 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliwaalika wasafiri na wataalamu mashuhuri Brussels, na ikaundwa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika. Shabaha iliyotangazwa ilikuwa nzuri: kufungua vituo vya elimu na misaada kwa wasafiri na kupiga vita biashara ya utumwa. Watu wema walichanga. Mwaka 1879 watu wa jumuiya hiyo walifika Karema kupitia njia ya Tabora, wakajenga kituo.

Lakini angalia kilichotokea kwenye uongozi. Jumuiya ile ya kwanza ilikuwa na wajumbe kutoka nchi nyingi. Muda si mrefu ikatokea kamati nyingine ya uchunguzi wa Kongo, kisha Jumuiya ya Kimataifa ya Kongo. Majina yalifanana kiasi cha kumchanganya mtu, na nyuma ya yote alisimama mfalme mmoja. Mwaka 1885 jina lilibadilika tena, ikawa Dola Huru ya Kongo, naye Leopold akawa mwenye mali. Baadaye wananchi wa Kongo walilazimishwa kuleta mpira wa porini kwa mijeledi, kwa kushika wake zao mateka, na kwa kukatwa mikono. Hata mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliofanywa kwa jina la kupinga utumwa, ulimsaidia kupata ushuru wa forodha.

Mwaka huohuo wa 1885, Leopold alipoelekeza macho yake yote Kongo, kituo cha Karema kilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Hivyo ukuta uleule uliojengwa na chama kilichogeuka kuwa mzigo kwa mamilioni ya watu ulikuja kuwa nyumba ya daktari aliyekombolewa utumwani.

Mtoaji wa mwaka 1877 angewezaje kuona tofauti? Maneno yalikuwa yaleyale. Vyama vyote viwili vilisema utumwa ni uovu, na vyote vilikuwa na watu wenye vyeo. Hata Lavigerie alishirikiana na Leopold. Nadhani dalili zilikuwepo mahali pengine. Ya kwanza ni jina linalobadilika huku mshika fedha akiwa yuleyule. Ya pili ni baraza lenye majina makubwa lisilokutana wala kuuliza. Ya tatu, na kubwa, ni kwamba hakuna mtu aliyeweza kumwambia mfalme hapana. Wamisionari walikuwa na makosa yao, lakini walikuwa chini ya maaskofu na chini ya Roma, barua zao zilichapishwa zikasomwa na waliochanga, na makaburi yao yalibaki palepale walipofanya kazi. Mtu anayekaa mpaka afe mahali hapo ni vigumu kuwadanganya watu wa mahali hapo kwa muda mrefu.

Kuufunga mlango

Mwaka 1888, mwaka uleule Atiman alipoanza safari yake, Papa Leo wa Kumi na Tatu alimpa Kardinali Lavigerie kazi ya kuiamsha Ulaya dhidi ya utumwa wa Afrika. Mwezi Julai na Agosti alihubiri Paris, London na Brussels. Vyama vya kupinga utumwa vikaundwa katika nchi kadhaa. Mwezi Novemba 1890 Papa aliagiza kwamba kila mwaka, Sikukuu ya Epifania, makanisa yote yafanye mchango kwa ajili ya kazi hiyo, na fedha zipelekwe Roma ili zigawiwe kwa misioni.

Hapa tunaona sadaka ikibadilika. Kwanza ilinunua mtoto mmoja mmoja. Kisha ilisomesha. Sasa ilitafuta kulifunga soko lenyewe. Hatua hii ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote kuisimamia, kwa sababu mara inakutana na serikali na bunduki. Fedha nyingine zilikwenda kwa Kapteni Joubert, aliyelinda vijiji kwa silaha upande wa magharibi wa ziwa. Serikali za Ulaya nazo zilitumia vita dhidi ya utumwa kama njia ya kujitwalia nchi. Mtoaji aliyeweka franka yake kwenye kikapu siku ya Epifania hakuwa na uwezo wa kuyatenganisha yote hayo. Alichoweza ni kutoa kupitia mkono uliowajibika, na kuendelea kuuliza.

Miaka Karema

Atiman alikaa Karema zaidi ya miaka 65. Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa huko, na mtoto wao Yosefu alipewa daraja ya upadre mwaka 1923. Serikali ya Wajerumani ilikuja ikaondoka. Wakaja Waingereza. Maaskofu walikufa na wengine wakaja. Yeye alibaki, akitibu asubuhi na kufundisha dini. Alipambana na ndui na malale, alishona majeraha, alipasua pale ilipobidi. Aliwauliza wenyeji kuhusu mizizi na majani yao, akaunganisha ujuzi huo na alichojifunza Malta. Katika miaka mingi hapakuwa na daktari mwingine wa kukimbilia katika eneo kubwa la ukanda ule wa ziwa.

Uzeeni Kanisa na serikali walimpa nishani. Alifariki Karema mwaka 1956. Leo hospitali ya jimbo huko Sumbawanga ina jina lake.

Sasa nifanye hesabu ambayo mtoaji mwaminifu lazima aifanye. Atiman ndiye mtoto tunayemjua. Kwa kila Atiman kulikuwa na watoto wengi waliokombolewa ambao majina yao hayajulikani. Baadhi walikufa wadogo. Wengi walilelewa, wakaozwa, wakawekwa katika vijiji vya misioni bila kuulizwa sana wanataka nini. Nao walikuwa watoto wa Mungu kama yeye. Tukiipima kazi ile kwa Atiman peke yake, tutaiona bora kuliko ilivyokuwa. Ndivyo ilivyo pia kwa picha ya mtoto mmoja anayecheka kwenye kalenda ya kituo cha yatima. Picha hiyo inaweza kuwa ya kweli. Swali ni wale wengine arobaini wako wapi, na kama wana ndugu ambao wangewalea nyumbani kwa msaada mdogo kuliko gharama ya bweni.

Nini tufanye

Kwa ndugu zangu waseminari, ambao kesho mtashika funguo za sanduku la parokia, na kwa wazazi wanaochanga leo, naona maisha haya yanatuachia maswali machache ya kawaida. Anayeomba yuko chini ya nani, na nani anaweza kumzuia akikosea? Kituo cha watoto kina leseni kama Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inavyotaka, na ofisa wa ustawi wa jamii anakijua? Fedha ya mwaka jana ilifanya nini, pamoja na yale yaliyoshindikana? Anayesaidiwa ataweza siku moja kusimama na kumsaidia mwingine, au atabaki kuwa wa kuonyeshwa kwa wageni? Na watu waishio jirani na huduma hiyo wanasemaje juu yake?

Kuuliza hivyo si ukosefu wa imani. Mitume wenyewe, waliponung'unikiwa kwamba wajane wengine wanasahauliwa katika ugawaji, hawakuwakemea walalamikaji. Waliteua watu saba wenye sifa njema waisimamie kazi hiyo. Kinachofaa kuogopwa ni mambo mawili: kutoa bila kuangalia ili dhamiri itulie, na kuangalia sana mpaka tusitoe chochote. Wale wa karne ya 19 waliotoa kwa kuuliza hawakupatia yote. Lakini kama wote wangeingoja huduma isiyo na dosari, mtoto wa Tundurma angebaki sokoni, na mgonjwa wa Karema angekufa bila daktari.

Basi chagua mbili au tatu unazoweza kuzifuatilia. Zipe kidogo, lakini kila mwezi na kwa miaka mingi. Nenda ukazione ikiwezekana. Kutoka Kigwa mpaka Tabora siku hizi si msafara tena. Na yule mgonjwa wa jumuiya yako, ambaye nyumba yake unaijua, usimwandikie maswali. Nenda kwake leo jioni.